Ufito wa Faiba kwa Mito ya Mlimani

Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki hao wakatiwa katika mto Gura, kwenye safu ya Nyandarua. Trauti wa upinde wa mvua walifuata miaka michache baadaye. Leo samaki hao wanapatikana pia katika mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya, kama vile Thiba, Thego, Sagana, Naro Moru na Burguret. Maji ya huko ni baridi na ya kasi, yamejaa mawe, na sehemu nyingi mianzi na vichaka vimeyainamia kutoka kingo zote mbili. Mvuvi anayesimama humo mara nyingi ana nafasi ya kutupa mshipi mita sita au saba tu, na nyuma ya mgongo wake kuna tawi linalongoja kuinasa ndoana.

Hata hivyo, anayeingia dukani au kuagiza vifaa kutoka ng'ambo huuziwa kwanza ufito wa kaboni wa futi 9, mgumu, uliotengenezwa kwa ajili ya mito mipana ambako mshipi hutupwa mita 20 na zaidi. Ni kifaa kizuri ambacho hapa kimekosa mahali pake. Kwa mto mwembamba wa mlimani, ufito mfupi wa faiba unaouzwa kwa nusu ya bei, au hata robo, utafanya kazi vizuri zaidi. Sababu yake iko katika namna nzi bandia anavyorushwa.

Katika uvuvi wa kawaida wa ndoana, chubwi ndiyo inayouvuta mshipi kuelekea majini. Nzi bandia ni manyoya na uzi uliofungwa juu ya ndoana ndogo, na hana uzito wa kumfikisha popote. Kwa hiyo mvuvi hurusha mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, na nzi hufuata mkiani. Mshipi ukivutwa nyuma, uzito wake huukunja ufito. Mkono ukienda mbele kisha ukasimama ghafla, ufito hujinyoosha na kuusukuma mshipi uende. Ufito usiokunjika haurushi kitu, hata ungegharimu mshahara wa mwezi mzima.

Ndiyo maana kila ufito huandikwa namba juu ya kishikio. Utaratibu huo ulikubaliwa na watengenezaji wa Marekani mwaka 1961, nao unategemea uzito wa futi 30 za mwanzo za mshipi, yaani kama mita tisa. Mshipi wa namba 3 una gramu 6.5 katika urefu huo, wa namba 5 una gramu 9.1, na wa namba 8 una gramu 13.6. Sasa mtu afikirie yupo Thego, na nje ya pete ya mwisho kuna mita nne tu za mshipi. Ufito wake wa namba 5 umepata chini ya nusu ya uzito uliokusudiwa. Kaboni ngumu haitausikia uzito huo, na mvuvi ataanza kuutupa mkono kwa nguvu, mshipi ujikusanye juu ya maji, samaki watoroke. Faiba itakunjika.

Tofauti hiyo inatokana na nyuzi zenyewe. Kioo cha kawaida kinachotumika katika faiba kina ugumu wa takriban gigapaskali 72, ilhali nyuzi za kaboni za kawaida zina karibu 230, yaani zaidi ya mara tatu. Kioo pia ni kizito zaidi, kwani sentimita moja ya ujazo ina gramu kama 2.5, na kaboni 1.8. Lakini uzi wa kioo huweza kunyooka asilimia nne au zaidi kabla ya kukatika, na wa kaboni hukatika kabla ya kunyooka nusu ya hapo. Kwa lugha ya mtoni, faiba husamehe. Ufito ukigongwa na jiwe, au samaki akichomoka ghafla huku uzi mwembamba wa mwisho umekazwa, faiba huupokea mshtuko. Kaboni iliyopata mchubuko mdogo usioonekana huweza kukatika wiki moja baadaye bila onyo.

Wengi hudhani faiba ni kaboni ya maskini. Historia inasema vingine. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, fito bora zilichongwa kwa mianzi ya Tonkin kutoka kusini mwa China, vipande sita vilivyounganishwa kwa gundi. Zilikuwa ghali na zilitaka uangalizi. Kampuni ya Shakespeare, ya mji wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, ilichukua njia ya utengenezaji iliyobuniwa na Arthur Howald, na mwishoni mwa miaka ya 1940 ikaanza kuuza ufito mweupe ulioitwa Wonderod. Mwaka 1950, wakati wa vita vya Korea, Marekani ilizuia bidhaa za China, na mianzi ya Tonkin ikaadimika. Faiba ikashika soko. Kwa zaidi ya miaka 20 mabingwa na wanaoanza walivua kwa kifaa kile kile. Fenwick, kampuni iliyozitia fito zake za kioo kiungo cha kioo badala ya chuma, ndiyo pia iliyotoa ufito wa kaboni mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kaboni ikaisukuma faiba pembeni kwa sababu ilirusha mbali kwa uzito mdogo. Umbali ukawa ndicho kipimo cha ubora, hata kwa watu ambao mto wao hauna umbali huo.

Basi ufito wa kununua uwe upi?

Urefu ndio wa kwanza kuamuliwa, kwa kuwa ndiko faiba ilikobanwa na uzito wake. Kati ya futi 6 na nusu na futi 7 na nusu, ufito wa kioo ni mwepesi mkononi na ncha yake husimama haraka baada ya kurusha. Kwenye futi 8 bado unavumilika. Ukifika futi 9, ncha huwa nzito, huendelea kutikisika wakati mkono umekwisha kusimama, na mawimbi ya mtikisiko huo huonekana hadi kwenye mshipi. Ufito wa faiba wa futi 9 unaouzwa kwa bei ya chini ni wa kuachwa dukani. Namba nayo ifuate samaki na maji. Namba 3 au 4 inatosha kwa trauti wengi wa mitoni. Namba 5 ni ya mtu ambaye atakuwa na ufito mmoja tu kwa kila kazi.

Vipande ni suala la safari. Ufito wa futi 7 wenye vipande viwili unabaki na zaidi ya mita moja ukiwa umefungwa, na yeyote aliyepanda matatu kuelekea Nyeri anajua urefu huo utawekwa wapi. Wa vipande vinne huingia kwenye begi la mgongoni. Kila kiungo huongeza bei na uzito kidogo, lakini kwa anayesafiri kwa gari la abiria gharama hiyo inalipa.

Kuhusu bei, mfano wa chini kabisa unaoheshimika ni Featherlight, ufito wa manjano wa Eagle Claw, jina la biashara la kampuni ya Wright & McGill ya Denver. Kwa miaka mingi umeuzwa Marekani kwa kati ya dola 30 na 50. Ni laini sana, hukunjika hadi karibu na kishikio, na kwa mita sita za mshipi unapendeza kuliko fito nyingi za bei kubwa. Juu yake kuna Butter Stick wa Redington, ambao umekuwa ukiuzwa kwa dola mia mbili na ushei, wenye ncha iliyotulia zaidi. Superfine Glass wa Orvis ni ghali zaidi ya huo, na hapo neno nafuu limekwisha. Nyingi za fito hizo ghali hutumia kioo cha daraja la S, kilichobuniwa kwa mahitaji ya anga na silaha, chenye ugumu wa gigapaskali kama 86. Kinawezesha ukuta mwembamba, hivyo ufito mwepesi. Tofauti ipo na mkono uliozoea huihisi, ila kwa anayeanza fedha hizo zina kazi bora pengine.

Ufito ukifika mkononi, uunganishwe wote kabla ya kulipa. Utazamwe kutoka kwenye kishikio kuelekea ncha, kwa jicho moja, kama kuna upande uliopinda. Pete zihesabiwe. Kwa kawaida hutakiwa moja kwa kila futi na moja ya ziada, hivyo futi 7 ziwe na pete nane hivi, pamoja na ya nchani. Watengenezaji wanaobana gharama huanza hapo, na pete zikiwa chache mshipi hulegea katikati na kusuguana na ufito. Kisha pamba ipitishwe ndani ya kila pete. Ikiacha nyuzi, kuna mkwaruzo utakaoukata mshipi kabla ya mwaka kwisha.

Kiungo ndicho kinachowachanganya wengi. Kuna kile ambacho kipande cha juu huvaa juu ya cha chini, na hicho kinapaswa kushika bila kucheza. Kuna kingine chenye kijiti cha ndani kinachoingia pande zote mbili, na hicho kikiwa kizima huacha pengo dogo la chini ya sentimita moja hivi kati ya vipande. Wanunuzi hukataa fito nzuri kwa ajili ya pengo hilo wakidhani ni kasoro. Limeachwa makusudi, maana kijiti huchakaa na vipande husogeleana mwaka hadi mwaka. Wa kuogopa ni ufito wa zamani ambao pengo lake limefungika kabisa na bado kiungo kinacheza.

Fito za zamani zinafaa kutafutwa, hasa kwa mwenye ndugu Uingereza au Marekani, ambako zimelala kwenye maghala ya nyumba tangu kaboni ilipoingia. Shakespeare na Fenwick zilitengenezwa kwa wingi na nyingi hazina bei kubwa. Zilizotoka kabla ya 1961 hazina namba, zina herufi. HEH ni karibu na namba 5 ya leo, HDH ni namba 6, HCH ni namba 7. Kwa vijito vya mlimani HEH ndiyo ya kuiomba. Viungo vya chuma vya zamani vikilegea hutengenezeka kwa shida, kwa hiyo muuzaji aombwe picha ya karibu ya sehemu hiyo, na nyingine ya kila pete.

Akiba iliyopatikana kwenye ufito iende kwenye mshipi. Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi, kwa kununua ufito wa thamani na kuuvisha mshipi wa bei ya chini kabisa, wakati mshipi ndio unaorushwa. Wa kuelea, uliochongoka ncha zote mbili, unaendana vizuri na faiba. Hutua taratibu, hufaa kwa kutupa kwa kuviringisha pale ambapo nyuma hakuna nafasi, na ncha moja ikichakaa unageuzwa na kutumika upya. Rili kwa trauti wadogo ni mahali pa kuhifadhia mshipi tu, hivyo ya kawaida inatosha, mradi isiwe nyepesi mno kiasi cha kuuacha ufito ukilemea mbele.

Aliyezoea kaboni atalazimika kupunguza mwendo. Mshipi ukienda nyuma, faiba hutaka kungojwa kidogo zaidi hadi mshipi unyooke wote, ndipo mkono urudi mbele. Anayeharakisha huona mshipi ukianguka umejikunja na huulaumu ufito.

Kuna maji ambayo faiba haiyafai, na muuzaji mwaminifu atayataja. Maziwa ya juu ya Mlima Kenya, kama Rutundu, Alice na Ellis, yana upepo, mvuvi husimama ukingoni, na trauti wakubwa huweza kuwa mbali na alipo. Huko ufito wa kaboni wa futi 9, namba 6, unastahili fedha zake. Anayepanga kuvua mito na maziwa katika safari moja anaweza kubeba fito zote mbili, kwa kuwa Featherlight na mshipi mzuri bado humwachia sehemu kubwa ya bajeti kwa ajili ya kaboni ya ziwani, kibali cha kuvua na kiingilio cha hifadhi.