Chini ya Ukuta wa Eiger: Njia Isiyohitaji Kamba
Mlima Eiger wa Uswisi, wenye urefu wa mita 3,967, una ukuta wa kaskazini uliokwisha kuwaua wapandaji kadhaa kabla ya Wajerumani wawili na Waaustria wawili kuukwea mwaka 1938. Lakini chini ya ukuta huohuo ipo njia ya kilomita sita hivi, ambayo familia yaweza kuipita bila kamba wala shoka la barafu. Huanzia stesheni ya Eigergletscher, mita 2,320, na kuteremka kwa saa mbili hadi tatu mpaka Alpiglen, mita 1,616, penye treni ya kurudia. Upande mmoja ni jabali tupu. Upande wa pili ni malisho ya kijani na bonde la Grindelwald.

Hata hivyo, wazazi wasidhani kwamba kutohitaji vifaa ni kukosa hatari. Theluji huweza kuziba njia hadi Juni, na radi za alasiri huja ghafla. Ondokeni asubuhi, vaeni viatu vyenye soli imara, chukueni maji na nguo za baridi na mvua. Muda ulioandikwa vibaoni hauhesabu mapumziko. Mwenye watoto auongeze. Ukungu ukitanda, rudini bila kuona haya: watoto ni amana, na mlima utakuwapo mwakani.