Nyumba ya Msafiri

Kila mwaka baadhi ya wanachama wetu huondoka kisiwani kwa muda mrefu. Mmoja huenda kuhiji, mwingine huenda Maskati kuwazuru jamaa zake, na mwingine humpeleka mgonjwa Dar es Salaam naye hajui atarudi lini. Wote hao hushughulika na tikiti, paspoti na sanduku, lakini nyumba na shamba hukumbukwa usiku wa kuamkia safari. Tumeona vema kuyaeleza hapa mambo yafaayo kutazamwe mapema, kwani si kila hasara ya msafiri huletwa na mwizi. Nyingine huletwa na mvua, mchwa, panya, na maneno ambayo hayakuandikwa.

Kwanza, ijue miezi ambayo hutakuwapo. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Hija hurudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2025 ilikuwa mwanzoni mwa Juni, masika yamekwisha. Ikifika mwaka 2030 itakuwa katikati ya Aprili, na mvua ndiyo kwanza imekolea. Basi mahujaji wa miaka ijayo wataziacha nyumba zao katika miezi ambayo paa bovu halisameheki.

Paa na litazamwe mwezi mzima kabla ya safari, wala si siku tatu. Ikiwa ni la makuti, palipopukutika paezekwe upya. Ikiwa ni la mabati, misumari iliyolegea igongwe na matundu yazibwe. Mnazi ulioinamia nyumba uanguliwe nazi zake na makuti makavu yaondolewe, maana nazi moja ikidondoka yatosha kutoboa bati, na tundu dogo likivuja wiki sita huozesha boriti. Tazama pia chini ya kuta na nguzo. Ukiona vijia vya udongo vinapanda, huyo ni mchwa, na katika nyumba iliyofungwa yeye hufanya kazi bila kusumbuliwa.

Maji yaliyotuama uani yamwagwe yote. Ndoo, madumu yaliyokatwa, matairi na vifuu vya nazi vifunikwe au viinamishwe, kwani humo ndimo huzaliana mbu wa homa ya dengu. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, na mvua ikinyesha huanguliwa; kwa hiyo vyombo visuguliwe ndani pia. Mkifanya hivyo mtakuwa mmewahifadhi na jirani.

Tangu umeme ulipofikishwa Pemba kwa waya wa baharini mwaka 2010, nyumba nyingi zina friji na televisheni. Friji ioshwe, ikaushwe na iachwe wazi, na swichi kubwa ya nyumba izimwe. Mtungi wa gesi ufungwe juu kabisa. Mchele na unga usiachwe katika magunia, bali ugawiwe jamaa. Panya akikosa chakula hahamii.

Sasa tuje kwenye karafuu. Kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja kavu, na kila mwanachama ajua taabu iliyomo katika kilo hiyo. Karafuu kavu zikifungiwa katika chumba kisicho na hewa wakati wa mvua huvuta unyevu, huota ukungu, na daraja lake hushuka. Kwa hiyo ni bora kuziuza kabla ya kuondoka. Kama hapana budi ziwekwe, zianikwe tena juani, zitiwe katika magunia safi, na magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Anayebaki apewe ruhusa ya kuyafungua na kuyaanika siku za jua.

Shambani, miche michanga ndiyo ya kuhofiwa. Msafiri wa kiangazi na aihakikishie kivuli na mtu wa kuinywesha maji, na majani makavu yaondolewe mpakani ili moto wa jirani usipate njia. Mikarafuu mikubwa yaweza kumngoja mwenyewe, lakini msimu haumngoji mtu. Karafuu zisipochumwa kwa wakati huwa mpeta, na bei yake si ile.

Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote tuliyoyataja. Kufuli hulinda mlango tu. Nyumba na shamba hulindwa na mtu. Wengi humwambia ndugu au jirani, "Nitazamie," kisha wakaenda zao. Kutazama ni nini? Je, aweza kuikodisha mikarafuu ikiwa bado haijachumwa? Fedha aziweke wapi? Wachumaji na wapaliliaji awalipe kutoka mfuko gani? Aweza kutumia kiasi gani bila kuuliza? Kila mmoja hudhani mwenzake amefahamu, na msafiri akirudi huanza ugomvi ambao huwatenga ndugu miaka mingi. Mara nyingi hapakuwa na mwizi hata mmoja, ila palikuwa na amana isiyo na mpaka.

Basi yaandikeni hayo katika karatasi moja kwa maneno mepesi: idadi ya mikarafuu, magunia yaliyomo ghalani, madeni unayodaiwa na unayodai, ruhusa aliyopewa mlinzi na ujira wake, na nani ashike nafasi yake akiugua. Watieni sahihi mashahidi wawili, nakala moja abaki nayo mlinzi, moja awe nayo mtu mwingine mwaminifu, na sheha apewe habari. Hati za shamba na nyumba zisiachwe ndani ya nyumba tupu. Siku hizi simu ziko mikononi, lakini maneno ya simu hayana shahidi.

Asidhani mtu kwamba kuandika ni kumshuku ndugu. Karatasi humkinga mlinzi kuliko inavyomkinga mwenye mali, kwa kuwa siku ya kuulizwa atakuwa na la kuonyesha. Na anayekwenda kuhiji hutakiwa alipe madeni na aache wasia. Haya tuliyoyasema yamo mumo humo.

Tunawatakia wasafiri wetu wote safari njema na marejeo ya salama.