Maneno na Maoni ya Seremala wa Kurasini Juu ya Zana za Umeme

Nia ya makala haya ni kueleza namna mafundi seremala wa Kurasini, Dar es Salaam, wanavyozitaja na kuzipima zana za umeme. Kurasini iko kando ya bandari, jirani na Keko panapojulikana kwa utengenezaji wa fanicha. Jambo hili lawahusu wachunguzi wa lugha kwa sababu mbili. Kwanza, fundi huunda istilahi kabla ya kamati yo yote kuketi. Pili, katika kazi hii neno lisilotenganisha mambo mawili laweza kumgharimu mtu mkono wake.

Tuanze na majina. Zana ya kale ya kutobolea mbao hapa pwani ni keekee. Kamusi za zamani zaeleza kuwa ilikuwa na chuma kilichotiwa katika mpini uitwao msukano, uliozunguka ndani ya jivu na kuendeshwa kwa uta. Leo uta umeondoka na mota imeshika mahali pake, lakini jina limebaki: twasema keekee ya umeme, ijapokuwa vijana wengi hupendelea drili. Ndivyo ilivyo pia kwa msasa. Asili yake ni jina la mti ambao majani yake ya kukwaruza yalitumiwa kulainishia mbao. Kisha likawa jina la karatasi yenye chenga, na sasa hata la ukanda unaozungushwa na mashine. Parafujo, neno tulilolipata kwa Wareno, halikubadilika ilipokuja mashine ya kulikazia. Bali grenda, ambayo haikuwa na mtangulizi katika karakana ya seremala, ilikuja na jina lake la kigeni. Twaona basi kwamba fundi hutaja kazi ya chombo kwanza, na kinachokiendesha baadaye.

Mtazamo huo huo ndio msingi wa maoni yake. Mnunuzi asiyejua kazi huuliza habari za mashine. Fundi huuliza habari za jino. Kwake yeye mashine ya bei ndogo yenye jino kali yafaa kuliko mashine ya fahari yenye jino butu, kwa kuwa jino butu huunguza mbao, huchosha mota, na humlazimisha mtu kusukuma kwa nguvu mpaka mkono uteleze. Mvule ni mfano mzuri. Ndani yake mara nyingi mna vipande vigumu kama jiwe, ambavyo kwa asili ni chokaa, navyo huharibu meno ya chuma cha kawaida upesi. Kwa hiyo seremala apasuaye mvule hutaka msumeno wenye meno ya kabaidi, hata kama bei yake ni kubwa. Kadhalika jino la keekee la mbao lina ncha katikati ili lisitange; la ukuta lina kipande cha kabaidi; wala moja halifanyi kazi ya jingine. Ama mashine za betri, huzisifu kwa kufungia makabati nyumbani mwa watu, lakini kwa kuranda mchana kutwa hupendelea zenye waya.

Hapa ndipo lugha inapotusaliti. Katika maongezi husemwa kwamba mashine fulani "ina nguvu". Neno hilo moja hubeba maana mbili: wati za mota, na wingi wa mizunguko yake. Mtu akitaka "nguvu" zaidi huweza kuondoa kinga ya grenda ndogo na kuifunga diski kubwa. Na tupige hesabu. Grenda ya diski ya milimita 115 huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Diski ya milimita 230 kwa kawaida hairuhusiwi kupita mizunguko 6,600 hivi, yaani ukingo wake usizidi mwendo wa mita 80 kwa sekunde. Ikifungwa katika grenda ile ndogo, ukingo hufikia mita 132 kwa sekunde. Diski huweza kupasuka, na vipande vyake kuruka kama risasi. Onyo limeandikwa juu ya diski yenyewe, lakini aghalabu kwa lugha ya kigeni na kwa herufi ndogo.

Kwa hiyo yafaa tutenganishe: nguvu iwe ya mota, na kasi iwe ya mzunguko. Maneno yote mawili tunayo tangu zamani. Kilichopungua ni kuyatumia kwa mpaka. Vyuo vya ufundi stadi, kama kile cha VETA kilichoko Chang'ombe, vyaweza kuufundisha mpaka huo, na waagizaji wa zana wangebandika onyo la Kiswahili juu ya kila diski. Nasi tunaotunga kamusi hatuna budi kwenda karakanani kwanza, tukasikilize, ndipo tuandike. Keekee na msasa vyatuonyesha kwamba neno la zamani laweza kubeba chombo kipya bila taabu, mradi maana yake isiachwe ilegee.