Mazimbu na Kipimo cha Serikali Halali

Kabla ya kuwa Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Mazimbu, mkoani Morogoro, ilikuwa shamba la mkonge, na mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliipa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ardhi hiyo. Chama kilichopigwa marufuku kwao kikajenga hapo shule, hospitali na mashamba, kisha kikavikabidhi vyote kwa Tanzania Julai 1992. Uamuzi ule wa 1977 una uzito wa kisheria unaosahaulika. Serikali ya makaburu ya Pretoria ilikuwa na bunge, mahakama na jeshi. ANC haikutawala hata kijiji kimoja cha Afrika Kusini. Bado Tanzania ilishikilia kwamba wenye haki ya kuwasemea Waafrika Kusini ni hao wakimbizi wa Morogoro: kipimo chake kilikuwa ridhaa ya watu, si nguvu.

Mahakama ya Uganda ilitumia kipimo kingine kabisa. Februari 1966 Milton Obote alisimamisha katiba, na Aprili akapitisha nyingine ambayo wabunge waliambiwa nakala zake watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Katika kesi ya Matovu, iliyogusa uhalali wa katiba hiyo, Jaji Mkuu Udo Udoma na wenzake walimfuata mwanasheria Hans Kelsen, pamoja na hukumu ya Dosso iliyotolewa Pakistan mwaka 1958: mapinduzi yakifaulu na watu wakatii, katiba ya zamani imekufa na utawala mpya ni halali. Kipimo hiki ni chepesi kwa jaji, lakini kinahesabu nguvu tu. Kilichomhalalisha Obote kilimfaa Idi Amin vilevile Januari 1971, na kwa hesabu hiyo makaburu walikuwa halali kila siku waliyofaulu kuzima maandamano. Pakistan yenyewe iliikataa hukumu ya Dosso mwaka 1972.

Wapo watakaosema kuwa msaada wa Tanzania ulikuwa siasa ya urafiki, wala haukuhusu sheria. Lakini Agosti 1984 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 554, lilitamka kwamba katiba mpya ya Afrika Kusini ni batili kwa kuwa iliwatenga Waafrika walio wengi. Utii wa kulazimishwa haukuhesabiwa kuwa ridhaa. Pingamizi zito zaidi ni hili: serikali ikiwa batili, je, ndoa zilizofungwa chini yake nazo zivunjike? Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilishalijibu mwaka 1971 ilipotoa maoni kuhusu Namibia. Utawala wa Pretoria huko ulikuwa haramu, ilisema, ila usajili wa vizazi, vifo na ndoa ubaki na nguvu, kwa sababu kuufuta kungewaumiza wenyeji. Raia hulindwa bila mtawala kutakaswa.

Zanzibar ndiyo mtihani mgumu zaidi kwetu. Watetezi wa Mapinduzi ya Januari 12, 1964 hukumbusha, na ni kweli, kwamba katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi (ASP), kilichoingia madarakani kwa Mapinduzi hayo, kilipata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Hoja hiyo ina nguvu kubwa, na nguvu yake inatokana na kura, haitokani na bunduki. Anayeisimamia lazima akubali pia upande wake wa pili: Wazanzibari walipaswa kuulizwa tena mapema, ilhali kura ya kwanza ya urais wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ilipigwa 1980. Kwa miaka hiyo 16, kushika dola peke yake hakukutosha kuwa jibu la kisheria.