Nani Akae Katika Halmashauri ya Shule ya Watoto Wadogo?

Kila asubuhi ya siku za shule, watoto wa miaka minne na mitano huonekana Tiwi wakifuata vijia vilivyo baina ya minazi na mashamba ya mihogo, wakielekea shule ya chekechea. Baadhi yao wameshikwa mkono na mama zao, na wengine na ndugu zao wakubwa waendao shule ya msingi. Mtoto wa umri huo hajui katiba wala sheria. Hajui ni nani aliyeamua choo kijengwe upande gani, wala ni nani aliyetia sahihi hati ya kununulia viti. Lakini siku yake nzima huongozwa na maamuzi ya watu wachache walioketi mezani kwa niaba ya wazazi wake. Watu hao ndio halmashauri ya shule, ambayo kwa jina la kisheria huitwa bodi ya usimamizi.

Tiwi iko katika Kaunti ya Kwale, kwenye barabara itokayo Likoni kwenda Ukunda na kuendelea hadi Lunga Lunga. Wenyeji wengi ni Wadigo, na pamoja nao wamo watu wa makabila mengine. Wako wakulima wa nazi, korosho na mahindi, wako wavuvi, na wako wanaofanya kazi katika mahoteli ya pwani. Wamo pia walimu waliostaafu, makarani, wauguzi, mafundi, na akina mama waliozoea kushika daftari za vyama vyao vya kuwekeana fedha. Mahali penye watu wa namna hiyo hapakosi ujuzi. Linalotakiwa ni kuujua ujuzi huo ulipo na kuuita mezani.

SHERIA YASEMAJE

Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ndiyo iliyoikabidhi serikali ya kaunti kazi ya elimu ya chekechea. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mambo ambayo zamani yalikuwa juu ya wanakijiji wenyewe yaliingia katika hesabu za fedha za umma: majengo, vifaa, na mishahara ya walimu wa watoto wadogo.

Mwaka huo huo wa 2013 ilipitishwa Sheria ya Elimu ya Msingi. Sheria hiyo yataka kila shule ya umma, hata ya chekechea, iwe na bodi yake ya usimamizi. Wajumbe huteuliwa rasmi na Bodi ya Elimu ya Kaunti, lakini majina hayatoki hewani. Watu sita huchaguliwa kuwa wawakilishi wa wazazi. Mmoja hupendekezwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mmoja huchaguliwa na walimu wenzake. Watatu hutoka kwa wadhamini wa shule. Mmoja huwakilisha makundi maalum katika jamii, na mmoja huwawakilisha watu wenye mahitaji maalum. Jumla yao ni 13, na karibu nusu yao ni wale waliotokana na wazazi.

Katiba pia yaweka kanuni kwamba katika chombo cha kuchaguliwa au cha kuteuliwa, watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Katika halmashauri ya watu 13, maana yake ni kwamba wanaume wasizidi 8, na wanawake vile vile wasizidi 8.

Basi mzazi anaposema kwamba halmashauri ni jambo la wakubwa wa Kwale mjini, hasemi kweli. Sehemu kubwa ya uteuzi imo mikononi mwake mwenyewe, siku ile anapoitwa mkutanoni.

DESTURI ILIVYOANZA

Ili kufahamu kwa nini uchaguzi huu mara nyingi hufanywa kwa haraka, yafaa kukumbuka jinsi shule za chekechea zilivyoanza. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, shule nyingi za namna hii nchini Kenya zilijengwa kwa nguvu za harambee. Huyu alileta boriti, yule makuti, mwingine alitoa kipande cha ardhi. Wazazi walichanga fedha za kumlipa mwalimu. Wakati ule sifa ya kuingia katika kamati ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya haki: aliyetoa ndiye aliyesimamia. Mtu aliyebeba mawe ya msingi wa jengo alistahili kuulizwa jengo lielekee wapi.

Heshima ya watu hao haifutiki. Lakini kazi yenyewe imebadilika. Leo halmashauri yatakiwa kupokea fedha na kuzitolea hesabu, kuhakikisha majengo yanatosha na ni salama, kuajiri watumishi wasio walimu, kushauri juu ya upungufu wa walimu, na kulinda haki na usalama wa watoto. Haya yote yameandikwa katika sheria. Mtu aweza kuwa mkarimu na mwenye busara, hata hivyo asiweze kuisoma hati ya malipo. Akitia sahihi asichokifahamu, aibu itampata yeye, na hasara itawapata watoto.

Kwa ajili hiyo, ile desturi ya kumtaja mtu mkubwa wa mtaa kwa kumstahi, watu wakapiga makofi na kwenda zao, haiwafai tena watoto. Wala haimfai mzee mwenyewe, ambaye pengine ana shughuli nyingi na hatapata nafasi ya kuhudhuria.

MFANO ULIOTOKEA PWANI

Wako watu wasemao kwamba wazazi wa vijijini hawawezi kazi ya halmashauri. Pwani ya Kenya yenyewe imeonyesha vingine. Mwaka 1986, viongozi wa Kiislamu wa Mombasa wakishirikiana na Wakfu wa Aga Khan, ulianzishwa mpango wa shule za chekechea zilizounganishwa na madrasa. Mwalimu Bi Swafiya Said ndiye aliyeuongoza tangu mwanzo. Shabaha ilikuwa mtoto apate mafunzo ya dini pamoja na matayarisho ya shule ya msingi, bila kulazimika kuchagua moja na kuacha jingine. Mpango ulienea Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na baadaye shule zake zilizidi 200.

Jambo la kutazamwa hapa ni namna shule hizo zilivyosimamiwa. Kila jumuiya iliyotaka shule ilichagua kamati yake, na akina mama walikuwamo. Kisha wajumbe hawakuachwa kubahatisha. Walifundishwa kuendesha mikutano, kushika hesabu na kuijua kazi ya mwalimu wa watoto wadogo. Walimu nao walikuwa hasa wanawake wa mahali pale pale, waliopewa mafunzo kazini.

Mwaka 2008 wataalamu Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa Afrika Mashariki. Watoto waliopitia chekechea waliendelea zaidi katika majaribio ya akili kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa shule za mpango wa madrasa waliwapita wenzao wa chekechea nyingine. Uchunguzi huo uliwapima watoto, haukuzipima kamati. Hata hivyo waonyesha kwamba shule zilizo mikononi mwa watu wa kawaida, waliochaguliwa na jirani zao na kufundishwa kazi, zaweza kulea watoto vizuri.

MAREKANI WALIFANYAJE

Nchini Marekani uko mpango wa umma uitwao Head Start, ulioanzishwa mwaka 1965 kwa ajili ya watoto wadogo wa jamaa zenye kipato kidogo. Huko pia lilizuka swali hili hili: je, wasimamizi wawe wazazi au wawe wataalamu? Sheria yao, iliyorekebishwa mwaka 2007, ilijibu kwamba wote wanahitajiwa. Katika baraza moja wazazi wa watoto ndio walio wengi. Na katika bodi inayosimamia, sharti awepo angalau mtu mmoja mwenye ujuzi wa fedha au uhasibu, mmoja mwenye ujuzi wa elimu ya watoto wadogo, na mwanasheria mmoja.

Sheria ya Kenya haikutaja ujuzi huo mmoja mmoja, lakini iliacha mlango wazi. Bodi ya shule yaweza kuwaalika watu wasiozidi watatu, wenye ujuzi na uzoefu wa kuisaidia, wakae nayo na kushauriana nayo. Watu hao hawapigi kura. Nafasi hizo tatu ndizo zifaazo kutumiwa kwa akili. Halmashauri isiyo na mtu wa hesabu na imwite karani aliyestaafu. Isiyo na mtu wa afya na imwite muuguzi. Inayotaka kujenga na imwite fundi aaminikaye, ambaye hatapewa yeye kazi hiyo ya ujenzi.

SIFA ZA KUTAZAMWA

Kwanza, mjumbe awe anawajua watoto wadogo. Ajue kwamba mtoto wa miaka minne hujifunza kwa kucheza, kuimba, kushika vitu na kuuliza, wala si kwa kukaa kimya mchana kutwa akinakili herufi. Asiyelijua hilo atamlaumu mwalimu mwema kwa kuwa watoto wake wanacheza, na atamsifu mwalimu mbaya kwa kuwa darasa lake liko kimya.

Pili, mmoja au wawili katika halmashauri wawe wanaweza kusoma hesabu na kuuliza swali bila kuogopa uso wa mtu.

Tatu, mjumbe asiwe na biashara na shule. Anayeiuzia shule unga wa uji hawezi kuwa yule yule anayekubali bei ya unga. Sheria ya manunuzi ya umma ya mwaka 2015 yakataza mwenye maslahi kushiriki katika uamuzi unaomhusu, na hata bila sheria, mtu muungwana hujitoa mwenyewe.

Nne, awe mwenye nafasi ya kuhudhuria. Mjumbe mwenye shahada ambaye haji mkutanoni ni sawa na kiti kitupu.

Huenda mama mmoja akauliza: je, sifa hizi hazitamfungia mlango mzazi ambaye hakusoma? Swali lake ni la haki, kwa maana katika Kwale wako wazazi wengi wema ambao hawakupata nafasi ya kusoma. Jibu ni kwamba si lazima kila mjumbe awe na kila sifa. Halmashauri ni kama jahazi: nahodha, mshika tanga na mtoa maji hawafanyi kazi moja, na akikosekana mmoja safari huharibika. Chukua mfano wa mama auzaye mihogo njiani. Hana cheti, lakini ajua ni watoto gani hawakuja shule wiki nzima na kwa nini, na ajua ni nyumba gani yenye mtoto asiyetembea aliyefichwa ndani. Maarifa hayo hayapatikani katika faili la ofisi yoyote. Akiketi karibu na karani mwenye kusoma hesabu, halmashauri hupata macho mawili. Lakini wakichaguliwa watu 13 wa namna moja tu, wawe wasomi watupu au wazee watupu, hubaki na jicho moja.

SIKU YA UCHAGUZI

Mambo machache yaweza kuugeuza mkutano wa kupiga makofi ukawa uteuzi wa kweli. Tangazo na litolewe mapema, shuleni, msikitini, kanisani na katika baraza la chifu, na lieleze kazi za mjumbe pamoja na siku ya mkutano. Siku yenyewe isiwe ya gulio wala Ijumaa adhuhuri, na saa isiwe ile ambayo akina mama wako mekoni au mashambani. Kila atajwaye na asimame aseme mwenyewe kama anaikubali kazi, na kama ana biashara yoyote na shule. Wazazi na waulize maswali. Na baada ya uteuzi, hesabu za shule na zibandikwe ukutani kila muhula, ili mzazi apitaye azisome, au asomewe na mwanawe aliye darasa la juu.

Wazee wamesema samaki mkunje angali mbichi. Watu wa Tiwi wanaijua methali hiyo, nao huitumia wanaposema juu ya malezi nyumbani. Yafaa kuikumbuka pia mkutanoni. Mtoto hukaa chekechea miaka miwili tu, kisha huingia darasa la kwanza. Halmashauri iliyochaguliwa vibaya yaweza kuimaliza miaka hiyo miwili ikigombana juu ya funguo za ghala, na mtoto yule hatarudishiwa miaka yake. Mzazi atakayeacha jembe kwa asubuhi moja, akaenda mkutanoni kumtaja jirani yake afaaye, atakuwa amemfanyia mwanawe kazi isiyopungua ile ya kumnunulia sare na daftari.