MGENI NJOO KAINUK, MWENYEJI APONE

Ukipanda basi Kitale kwenda Lodwar, utateremka milima ya Pokot Magharibi, upite Marich, kisha joto likupige usoni kama la jiko. Hapo umekaribia Kainuk, mlango wa Turkana. Abiria wengi hununua soda, huchungulia dirishani na kusema, "Ah, hapa hakuna kitu!"

Maneno hayo hunikera. Wakati wa likizo mimi humsaidia shangazi katika gesti yake ya vyumba vinne. Mgeni hulala, hunywa chai kwa chapati asubuhi, halafu huyoo, ameshakwenda! Hebu nieleze anachokiacha nyuma.

Kwanza, amka mapema kabla jua halijakuwa kali, utembee hadi Mto Malmalte. Wakati wa kiangazi utaona akina mama wakichimba mchanga hadi maji yatokeze, kisha wakiyateka kwa kikombe, polepole, mpaka mtungi ujae. Ukisalimiwa "Ejoka?", jibu "Ejoknoi!" Watacheka, lakini umeshakuwa mwenzao.

Pili, keti chini ya mti na wasusi. Vikapu vyao hutoka kwa majani ya mkoma, na kukimaliza kimoja si kazi ya siku moja, kwa hivyo usipunguze bei kama uko sokoni Kitale. Waulize pia wazee juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao. Mchana mzee hukikalia, usiku hukilalia kama mto wa kichwa. Kiti na mto kwa pamoja!

Tatu, liko bwawa la Turkwel, upande wa magharibi wa barabara kuu. Lilijengwa kati ya mwaka wa 1986 na 1991 katika korongo jembamba, na ukuta wake una urefu wa mita 153 kwenda juu. Maji yake hutoka Mlima Elgon kwa Mto Suam. Mitambo yake ina uwezo wa megawati 106 za umeme. Lakini usiende hivi hivi tu. Omba ruhusa kwanza.

Nne, wanyama. Jirani zetu ni hifadhi mbili, Nasolot na Turkana Kusini, zote zilizotangazwa mwaka wa 1979. Nasolot inajulikana kwa ndovu. Usiingie bila askari wa wanyamapori, maana ndovu hana mchezo.

Sasa nifike kwenye jambo zito. Sisi tuko mpakani mwa Waturkana na Wapokot, na wizi wa mifugo umemwaga damu pande zote mbili. Mnamo Februari 2023 serikali ilianzisha operesheni ya usalama katika kaunti sita, Turkana na Pokot Magharibi zikiwemo. Risasi zikisikika, magari hupungua na vitanda vya shangazi hubaki vimetandikwa tu. Kwa hivyo kabla ya kutoka, mgeni aulize wenyeji hali ya njia ikoje, atembee na kijana wa hapa, na usiku asitoke kabisa.

Desemba iliyopita basi la mwalimu mmoja mstaafu liliharibika, ikambidi alale kwetu siku mbili. Alikuwa amenuna kweli kweli! Nilimpeleka mtoni na kwa wasusi. Alipoondoka alikuwa na vikapu vitatu, na pesa alizolipa zilimaliza karo ya binamu yangu. Mmoja wa wasusi alikuwa mama wa Kipokot aliyeolewa upande wetu. Mgeni hakujua, wala hakuna aliyemwambia. Vikapu vilikaa pamoja mkekani.

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Nami naongeza: wenyeji nasi tupatane, ili mgeni apate njia ya kuja. Karibuni Kainuk, na msilale usiku mmoja tu!