Mabanzi Yasikimbizwe Jikoni

Gogo la mkaratusi likipasuliwa kwa msumeno wa mnyororo, sehemu kubwa yake haitoki kama mbao. Hubaki mabanzi yenye magome, vipande vifupi na rundo la vumbi. Fundi akipiga randa, yanaongezeka maranda. Kamuli, kama kwingineko Kyerwa na Karagwe mkoani Kagera, ambako miti hupandwa pamoja na migomba na mibuni, ni rahisi mabaki hayo yote kuitwa kuni na kuishia mafigani. Kuni zinahitajika, hilo halina ubishi. Lakini moto ungefaa uwe wa mwisho kwenye foleni: banzi lililotumika miaka mitano bado litawaka, na majivu hayapigiliwi msumari.

Tuanze na kahawa, maana hapo ndipo banzi linapolipa. Robusta ya Kagera hukaushwa ikiwa na ganda lake. Ikianikwa chini huchukua udongo na harufu yake, na mvua ya ghafla ikiikuta, huota ukungu. Kichanja cha kimo cha kiuno, miguu na fremu yake ya mabanzi, juu wavu, hupitisha hewa juu na chini ya kahawa. Magome yabanduliwe kwanza, kwani chini yake ndiko wadudu hujificha. Vipande vyembamba navyo vina kazi yao mahususi: vibao vinavyopangwa juu ya mzinga wa kisasa, ambavyo nyuki hujengea masega, kwa nyuki wetu wa Afrika huhitaji upana wa milimita 32 hivi. Vikikosewa kipimo, nyuki huunganisha masega na kuvuna huwa vurugu.

Wapo watakaosema mchwa watakimaliza kichanja mapema. Ni kweli, kama miguu imechimbiwa ardhini. Ikisimama juu ya mawe, mchwa hulazimika kujenga njia ya udongo inayoonekana, na kuibomoa si kazi. Oili chafu wanayopaka wengine ni dawa mbaya karibu na kahawa. Pingamizi zito zaidi ni la mama anayepika: akinyang'anywa mabanzi, atapikia nini? Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, ila chakula cha jioni hakisubiri mkakati. Apewe vumbi, ambalo halijengi kichanja wala mzinga. Likishindiliwa ndani ya kopo kuzunguka chupa, chupa ikachomolewa na tundu la hewa likatobolewa chini, huwaka polepole kwa muda mrefu bila kuchochewa.

Maranda yatandikwe bandani mwa kuku, kisha yaozeshwe pamoja na kinyesi kabla ya kupelekwa kwenye migomba. Yakifukiwa mabichi, vijidudu vinavyoyaozesha huinyima mimea naitrojeni, na mkulima hulaumu mbegu bure. Tahadhari ya kweli ni vipande vya nguzo na mbao zilizotiwa dawa, vile vyenye rangi ya kijani au harufu ya lami. Moshi na majivu yake huweza kuwa na sumu, arseniki ikiwemo. Hivyo usivichome kabisa, na uviweke mbali na kuku, nyuki na kahawa.